Daktari aliuliza "nani mwingine kwa familia?" Tukasema hakuna

Wiki hii nilikuwa nimewaahidi video ya smokie za stage tatu, ile ya kulinganisha kachumbari. Itakuja, msinitukane. Leo naandika badala ya kurekodi, juu kuna stori nimeibeba karibu mwaka mzima na dadangu amenipa ruhusa juzi tu. Masharti yake ni mawili: nisitaje jina lake, na nisiweke ule muziki wa piano wa huzuni. Kuandika kumetatua yote mawili.

Dadangu ana miaka 26. Ilianza akikata nyanya. Jicho la kushoto lilikuwa linamuuma kila akilizungusha, akafunga la kulia ili ajue ni nini. Nyanya zikabadilika rangi. Akitumia jicho la kulia, nyanya ni nyekundu. Akitumia la kushoto peke yake, ni kama zimelowekwa kwenye jiki usiku kucha. Akatuita wote tuje tuone. Sisi tukaona nyanya.

Duka la miwani wakamuuzia miwani. Baada ya wiki kadhaa jicho likarudi, tukamshukuru Mungu na miwani. Enyewe miwani haikuwa imefanya kitu. Mwaka mmoja hivi baadaye ganzi ikaanza kwenye nyayo, ikapanda mpaka kiuno. Akiinamisha kichwa asome simu, anahisi stima ikishuka mgongoni. Akioga maji moto, anaona ukungu. Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Jirani alisema ni presha. Mjomba akasema ni simu. Kuna mse wa maombi alisema mtu fulani wa ushago hajafurahia dadangu kupata kazi, na alikuwa tayari kuja kuombea boma, mradi atumiwe nauli, ambayo ilikuwa nauli ya kwenda Kigali na kurudi.

Jibu lilitoka kwa MRI: madoa kwenye ubongo, na mengine kwenye uti wa mgongo. Maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Chama cha Mathe kililipa sehemu ya picha hiyo, na nyingine bado ni deni la yule mjomba wa simu.

Kama hujawahi kuisikia, angalia chaja yako. Ile waya ikitoka ngozi karibu na kichwa, simu inachaji tu ukiikunja upande fulani na usipumue. Neva zako zina ngozi kama hiyo, inaitwa mayelini. Kwa mtu mwenye MS, kinga ya mwili, wale askari wanaofaa kupigana na homa na vidonda, inavamia ngozi hiyo kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho. Ujumbe unachelewa, unakatika, ama unafika umeharibika. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1868, kwa hivyo haukuletwa na simu ya mtu. Duniani watu takriban milioni 2.9 wanaishi nao. Wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume.

Shida ni kwamba kinga ikishachanganyikiwa inaweza kuchagua nyumba yoyote kwa ploti. Ikivamia kongosho, unapata kisukari cha aina ya kwanza. Ikivamia viungo, ile baridi yabisi inayopinda vidole. Ikivamia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, unapata mbalanga, yale mabaka meupe. Kuna inayovamia tezi ya thairoidi shingoni, kuna soriasisi kwenye ngozi, na kuna lupasi, ambayo haibagui: ngozi, figo, viungo, damu, popote.

Sasa aibu yetu inaingia hapa. Daktari wa neva, mama mmoja mpole mwenye sauti ya mwalimu wa nasari, alimgeukia Mathe akamuuliza: "Mama, kuna mtu mwingine kwa familia ana ugonjwa wa kinga kama huu? Thairoidi, lupasi, ngozi, viungo, chochote?" Mathe akajibu bila kupepesa jicho: "Hapana daktari, sisi tuko sawa." Mimi nilikuwa nimekaa hapo pembeni, nimevaa hudi, mwezi wa Februari, Nairobi.

Wacha niwaambie kilichokuwa ndani ya hudi. Nina soriasisi tangu fomu tatu. Viwiko vyote viwili na nyuma ya kichwa. Wale mmenifuata tangu zamani mmeniuliza kwenye komenti kwa nini sivai tishati hata nikiwa Mombasa, na mimi nikawajibu ni staili. Haikuwa staili. Ni magamba.

Mathe mwenyewe humeza kidonge kila asubuhi kabla ya chai, tangu nikiwa darasa la nne. Kwetu ilijulikana "Mathe alikuwa na goita", basi. Shuleni tulifundishwa goita inaletwa na kukosa madini ya iodini, kwa hivyo nilikuwa naangalia pakiti za chumvi kwa duka kama mtu wa viwango. Kumbe yake inaitwa Hashimoto, kinga ikiila tezi pole pole mpaka inashindwa kutoa homoni. Halafu kuna Auntie, dada yake Mathe, ambaye huvaa mikono mirefu hata kwa harusi. Sisi watoto tuliambiwa alimwagikiwa na maji moto akiwa mdogo. Ni mbalanga. Hesabu na wewe: dadangu, Mathe, Auntie, mimi. Na tuko sawa.

Kwa mat ya kurudi nyumbani nilimuuliza Mathe kwa nini alisema hivyo. Hakukasirika. Aliniuliza, "Ulitaka nimwambie daktari mambo ya ngozi ya Auntie yako, mbele ya watu, na yeye mwenyewe hajasema?" Nikamwambia, je, yako? Akasema, "Yangu ni ya shingo. Dadako ni kichwa." Kwa akili yake hakuwa amedanganya. Kidonge chake kina kliniki yake, kadi yake na siku yake ya Jumatano. Ngozi yangu ina jengo lingine kabisa. Hospitali ndizo zimetupanga hivyo, kila kiungo na mlango wake, na sisi tukaamini mwili nao umepangwa hivyo.

Basi nikaanza kusoma. Na sio kwa yule jamaa anayeuza unga wa mlonge wa kutibu kila kitu.

Watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja wamekuta kwamba magonjwa mengine ya kinga yanayoonekana sana kwa watu wa MS ni ya thairoidi na soriasisi. Niliposoma hiyo sentensi nilifunga laptopu nikaenda kununua mandazi. Pia kuna uvimbe wa ndani ya jicho unaoitwa uveitisi, na magonjwa ya uvimbe wa utumbo, ambayo huwapata watu wa MS zaidi ya vile ungetarajia. Kwa lupasi na baridi yabisi picha haiko wazi hivyo, tafiti zinapingana. Kwa hivyo si kweli kwamba ukiwa na moja basi zote zinakuja na basi lingine.

Kilichonishangaza zaidi ni jeni. Kuna kundi la jeni linaitwa HLA, ambalo kazi yake ni kuisaidia kinga kutofautisha mwenyeji na mgeni. Aina moja, HLA-DRB1*15:01, inamwongezea mtu uwezekano wa kupata MS karibu mara tatu. Aina hiyo hiyo humkinga mtu dhidi ya kisukari cha aina ya kwanza. Soma tena. Kitu kile kile kinafungulia ugonjwa mmoja mlango na kumfungia mwingine. Halafu nenda kisiwa cha Sardinia, Italia, utakuta magonjwa yote mawili yako juu sana, kati ya sehemu zinazoongoza duniani. Ndiyo maana mtu akiniambia "familia yenu ina damu mbaya" namwambia damu haina tabia rahisi hivyo.

Jeni pekee hazitoshi. Mwaka wa 2022 watafiti wa Harvard walichapisha utafiti kwenye jarida la Science, walitumia rekodi za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Waligundua kwamba baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, uwezekano wake wa kupata MS ulipanda mara 32. Virusi hivi hupita kwa mate (ndiyo, mnajua namna, msijifanye) na karibu kila mtu mzima duniani ashawahi kuvipata, zaidi ya asilimia 90. Wanasayansi wamevihusisha na lupasi pia. Lakini kama karibu sote tunavyo na ni wachache wanaougua, basi lazima kuna mambo kadhaa yanakutana kwa mtu mmoja: jeni, virusi, sigara, kiwango cha vitamini D, na bahati tu. Mse wa maombi wa ushago hayuko kwa hiyo orodha.

Hayo yote nilikuwa nayasoma kama stori. Yakageuka yangu mwezi wa Juni.

Soriasisi yangu ilikuwa imefika mgongoni, na vidole viwili vya mkono vikaanza kuvimba asubuhi mpaka siwezi kushika simu vizuri. Kwa kazi yangu hiyo ni kufutwa. Daktari wa ngozi akasema mafuta hayatoshi tena, tufikirie sindano, kuna dawa za kuzuia kitu kinaitwa TNF. Bei yake ilinifanya nicheke kwa sauti, lakini alisema kuna mpango wa punguzo naweza kujaribu. Nilikuwa tayari. Nikaona tishati. Nikaona Diani.

Akanipa fomu. Mstari wa tisa hivi: "Magonjwa katika familia." Kalamu yangu ilikuwa ishaandika "Ha", ya "Hakuna". Mkono ulifanya hivyo wenyewe, kama vile unavyobonyeza "nimekubali" bila kusoma. Nikakata. Nikaandika: dada, MS.

Daktari aliposoma hapo aliweka fomu chini. "Dada wa baba na mama mmoja?" Ndiyo. "Hiyo sindano basi hapana."

Nikamuuliza kwa nini, na alichonieleza ndicho kimenifanya niandike hii kitu. TNF ni kemikali ambayo mwili hutumia kuwasha uvimbe. Ukiizuia, viungo vinapoa, ngozi inapona, utumbo unatulia. Kwa hivyo wanasayansi wakafikiria, si tuizuie na kwa MS pia, nayo ni uvimbe? Wakajaribu dawa moja ya aina hiyo, lenercept, kwa watu wa MS, na matokeo yakachapishwa 1999. Waliopewa dawa walipata mashambulizi mengi zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Jaribio likasimamishwa. Kitu kinachochoma viungo vyako, huko kwenye ubongo inaonekana kina kazi nyingine ya kulinda. Tangu hapo, watu wa MS hawapewi dawa za kuzuia TNF, na miongozo ya madaktari wa ngozi inashauri hata ndugu wa damu wa karibu, mzazi, mtoto, kaka, dada, waziepuke.

Si ati ningechomwa sindano kisha lazima niugue. Wengi huzitumia na hawapati shida yoyote ya neva, na kama wewe unazitumia usiache kwa sababu ya post ya kijana wa smokie, ongea na daktari wako. Lakini uamuzi wangu ulitegemea jina la ugonjwa wa mtu mwingine. Kama dadangu angeificha MS yake vile mimi nilivyoficha viwiko vyangu, nisingekuwa na cha kuandika pale kwenye mstari wa tisa.

Tulianza na methotreksati, dawa ya zamani, bei ya kawaida, unameza mara moja kwa wiki, pombe unaisahau. Vidole vimerudi. Mgongo bado bado.

Jioni hiyo nilimwambia Mathe. Nilifikiri atasema "ya kwako ni ngozi". Alinyamaza muda mrefu, akazima taarifa ya habari, kitu ambacho huwa hafanyi hata stima zikipotea. Akapiga simu kwa Auntie. Waliongea saa nzima chumbani. Akatoka akachukua daftari langu la zamani la hesabu, akachana karatasi, akaandika kwa ile herufi yake ya ukarani: Mimi, thairoidi. Dada yangu, mbalanga. Kijana, ngozi na vidole.

Karatasi hiyo ndiyo tuliyopeleka kliniki iliyofuata. Daktari wa neva hakutugombeza. Aliisoma mara mbili, akatuambia mambo mawili.

La kwanza, alitaka damu ya dadangu ipimwe kingamwili fulani kabla ya kuchagua dawa ya muda mrefu. Kuna ugonjwa unaitwa NMO ambao huvamia jicho na uti wa mgongo karibu kama MS, na kwa miaka mingi watu waliuchanganya na MS. Mwaka wa 2004 Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza alama yake kwenye damu, na sasa unaweza kupimwa. Ukiulinganisha na MS, NMO huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia, na mara nyingi huja na magonjwa mengine ya kinga kama lupasi. Kwa hivyo msichana Mwafrika, jicho na mgongo, na familia yenye karatasi kama ile yetu: lazima uulize. Na si swali la vitabu tu, juu baadhi ya dawa za MS humzidishia hali mtu wa NMO. Tulingoja majibu siku ambazo sitaki kuzihesabu. Ilitoka hasi. MS ni MS. Sijawahi kufurahia MS hivyo.

La pili lilihusu kidonge cha Mathe. Kuna dawa moja ya nguvu ya MS, alemtuzumabu, ambayo inatuliza MS lakini kwa karibu theluthi moja ya wanaoitumia inaleta ugonjwa wa kinga kwenye thairoidi. Unazima moto jikoni, unawaka sebuleni. Kwa mtu ambaye mama yake tayari ana Hashimoto, hilo ni jambo daktari anataka kulijua kabla hajaanza kuandika.

Lakini huu undugu wa magonjwa umetupa kitu kizuri pia. Dadangu sasa anapata rituksimabu, dripu kila miezi sita. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa saratani ya damu, ikaenda kwa baridi yabisi, ikaonekana inasaidia MS kwa sababu inaondoa seli B, ambazo zinahusika kwenye magonjwa haya kadhaa. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na kladribini na glatirama. Zamani orodha hiyo haikuwa na dawa hata moja ya MS. Nafikiri ni kwa sababu MS imechukuliwa muda mrefu kama ugonjwa wa wazungu wa nchi za baridi, na ndiyo maana msichana wa hapa Umoja anaweza kuuziwa miwani.

Najua mnachotaka kuniuliza, juu nimejiuliza saa nane usiku nikiwa nimekodolea dari: je, mimi ni next? Kila mguu ukifa ganzi kwa kukalia kiti cha plastiki, nakuwa namwona Charcot. Nilimuuliza daktari. Kwa tafiti zilizofanywa zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini, kati ya watu 100 wenye kaka au dada mwenye MS, kama watatu ndio huipata maishani. Hiyo ni juu kuliko kwa mtu wa kawaida. Ni 97 pia. Hata kwa mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiwa nayo, yule mwingine mara nyingi haipati. Nimeamua kuamini hesabu, na nimeacha kulala na simu karibu nikigoogle dalili. Nimeacha karibu kabisa.

Auntie bado huvaa mikono mirefu. Alisema daktari ajue, watu wa harusi si lazima. Mimi naona ana haki. Kuna tofauti kati ya kumwambia daktari na kuwaambia watu wa meza ya pilau.

Desemba tulienda ushago na karatasi ya Mathe ilikuwa kwa pochi yake. Shosho aliiona akatuuliza ni orodha ya deni ama ya nini. Mathe akamweleza, pole pole, kwa lugha yetu, ambayo haina neno la kinga inayojipiga, kwa hivyo alitumia mfano wa mbwa wa nyumbani anayeuma watoto. Shosho alisikiza, akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye sana, sufuria ishawekwa motoni, akasema kulikuwa na kaka yake. Alikuwa kijana tu. Jicho moja lilizima, likarudi. Halafu miguu. Alitembea na fimbo, kisha akawa hatembei. Walisema amerogwa kwa sababu ya shamba, na nyumba mbili jirani hazijasalimiana tangu hapo mpaka leo.

Hakuna namna ya kujua alikuwa na nini. Inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mathe alitoa kalamu, akaongeza mstari wa nne: Kaka ya Mama, jicho, miguu. Akaweka alama ya kuuliza. Shosho akamwambia aandike na jina lake.